Maradhi ya Peyronie na Tiba ya Kuvuta

Miongoni mwa maradhi yanayompata mwanamume aliyefika makamo, yapo ambayo huyasimulia barazani bila ya kuona haya, kama baridi yabisi na shinikizo la damu, na yapo ambayo huyaficha hata mbele ya tabibu. Na katika hayo ya kufichwa sidhani kama kuna yanayofichwa zaidi kuliko kupinda kwa dhakari iliyokuwa imenyooka tangu ujana. Mwenye kupatwa nayo huona siku moja, wakati wa kusimama, kwamba kiungo chake kimeelekea juu, au upande, kwa namna ambayo hakikuelekea zamani. Akipapasa hukuta chini ya ngozi kitu kigumu kisichokuwa jipu wala jeraha. Na kusimama kwenyewe, kulikokuwa jambo la raha, sasa kumeingia maumivu. Fikira yake ya kwanza ni saratani. Ya pili ni kwamba amerogwa. Na ya tatu, ambayo ndiyo hasa imfungayo mdomo, ni kwamba watu watasema amepata ugonjwa wa zinaa. Fikira zote tatu ni batili. Maradhi haya si saratani wala hayageuki kuwa saratani, hayaambukizi, na hayana mahusiano na uadilifu wa mtu wala ufasiki wake.

Yana jina, na jina lina mwenyewe. François Gigot de La Peyronie alizaliwa Montpellier, kusini ya Ufaransa, mwaka 1678, akapanda daraja hata akawa mpasuaji mkuu wa Mfalme Louis wa 15, na mwaka 1731 alikuwa miongoni mwa walioasisi baraza la kifalme la elimu ya upasuaji mjini Paris. Katika zama zile mpasuaji na kinyozi walihesabiwa jamii moja, kwa kuwa riziki ya wote wawili ilikuwa katika wembe, na juhudi zake kwa mfalme zilichangia amri ya mwaka 1743 iliyowatenga. Mwaka huo huo aliandika habari za wanaume aliowatazama, ambao dhakari zao zilikuwa na vifundo vilivyopangana chini ya ngozi, yeye akavifananisha na tasbihi, vikazivuta zikapinda. Hakuwa wa kwanza kuyaona haya, kwa maana Falloppio wa Italia alikwisha kuyataja katika karne ya 16. Ila yeye ndiye aliyeyaeleza kwa utulivu wa mtu asiyeona soni juu ya umbile la binadamu, na kwa hiyo jina likabaki kwake. Dawa aliyowapa wagonjwa wake ilikuwa kwenda kuoga maji ya chemchemi ya Barèges, katika milima ya Pyrénées, akasema kwamba yaliwafaa. Maji yale yangali yanabubujika mpaka leo, lakini hapana tabibu anayempeleka mtu huko kwa ajili ya maradhi haya.

Ili kuyafahamu yafaa kulijua umbile lenyewe. Ndani ya dhakari mna mirija miwili ya nyama laini, iliyojaa vitundu na kulala sambamba, ambayo hujaa damu wakati wa kusimama; na kila mrija umevikwa ala jembamba lenye nguvu, ambalo hunyumbuka kadiri damu inavyoingia mpaka likafika kikomo chake likakaza, na kukaza huko ndiko kunakoleta ugumu. Matabibu wengi wanasadiki kwamba asili ya maradhi ni majeraha madogo madogo ya ala hilo, yanayopatikana katika jimai pale dhakari inapokunjika ghafla, na ambayo mara nyingi mwenyewe hayakumbuki. Kwa watu wengi jeraha la namna hiyo hupona likasahauliwa. Lakini kwa baadhi, ambao yaonekana wamezaliwa na tabia hiyo, uponyaji hauishi pale unapopasa kuisha: nyuzi za kolajeni huendelea kufumwa, safu juu ya safu, likapatikana kovu nene lisilonyumbuka, na pengine likaingia chokaa. Mtu aliyewahi kuziba pancha ya baiskeli anajua ya kuwa mpira wa ndani wenye kiraka, ukitiwa upepo ungali nje ya tairi, haufuri sawasawa pande zote, bali hujikunja kuelekea upande wa kiraka. Na hivyo ndivyo ilivyo dhakari yenye kovu. Kwa kuwa kovu aghalabu hukaa mgongoni mwa dhakari, kupinda kwingi huelekea juu, ingawa wapo wanaopinda kushoto, kulia au chini, na wapo ambao hawapindi bali hubonyea pahala pamoja pakawa pembamba, na karibu wote hulalamika kwamba wamepungukiwa na urefu. Haya yasichanganywe na hali ya kijana aliyezaliwa na dhakari yenye kupinda kidogo, isiyo na kovu wala maumivu, kwani huyo ndivyo alivyoumbwa.

Idadi ya wenye maradhi haya hutofautiana kwa kutegemea ni nani waliopimwa na kwa njia gani, lakini uchunguzi mwingi wa Ulaya na Marekani unawaweka kati ya 3 na 9 katika kila wanaume wazima 100, na umri wao kwa wingi ni wa miaka hamsini na kitu. Wenye kisukari wamo zaidi ya wengine, na kadhalika waliopasuliwa tezi dume, na wale wenye ugonjwa wa Dupuytren, ambao ni kovu la namna hiyo hiyo katika kiganja, linalovikunja vidole visinyooke. Tabibu mwenye uzoefu, akiletewa habari za dhakari iliyopinda, huomba kwanza kuitazama mikono.

Maradhi yana vipindi viwili, na tofauti yake ndiyo msingi wa habari yote inayofuata. Kipindi cha kwanza ni cha moto: kuna maumivu, kovu lingali linajengwa, na pembe ya kupinda huongezeka mwezi hata mwezi; huchukua miezi 6, pengine 12, pengine 18. Kisha huja kipindi cha utulivu, maumivu yakakoma, na dhakari ikabaki katika sura iliyoifikia. Watu wengi hujipa matumaini kwamba mambo yatanyooka yenyewe, na matumaini hayo yamepimwa: katika uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2006, wa wanaume ambao hawakupewa tiba yoyote wakaangaliwa kwa muda usiopungua mwaka mmoja, maumivu yaliwaisha karibu watu 9 katika 10, lakini kupinda kulipungua kwa asilimia 12 tu ya wanaume hao, kukakaa vile vile kwa asilimia 40, na kukazidi kwa asilimia 48. Kuisha kwa maumivu, basi, ndiko kunakowahadaa wengi, kwa kuwa mtu hudhani amepona ilhali kovu limekwisha kuweka makazi.

Na hapa lazima niseme neno juu yetu sisi. Kipindi kile cha moto, ambacho ndicho chenye nafasi kubwa ya kuponyeka, ndicho ambacho mwanamume wa kwetu hukitumia katika kunyamaza. Hulala akampa mkewe mgongo asimwambie sababu, naye mke akafasiri apendavyo; huacha unyumba kwa kisingizio cha uchovu; na akithubutu kutafuta dawa, hutafuta kwenye karatasi zilizobandikwa juu ya nguzo za umeme, zenye namba ya simu na ahadi ya nguvu za kiume na maumbile makubwa kwa siku saba. Dhiki ya nafsi inayozaliwa na hali hii si ndogo: uchunguzi mmoja wa Marekani uliona dalili za sonona kwa karibu nusu ya wagonjwa. Ajabu ni kwamba haya hii si ya asili yetu. Katika vyuo vya pwani kijana husomeshwa katika vitabu vya fikihi habari za janaba, hedhi na tohara, kila kiungo kwa jina lake na kila hali kwa hukumu yake, wala mwalimu hatahayari na wanafunzi hawacheki. Na mtu aliyesomeshwa hivyo akiwa na miaka kumi na minne, akifika hamsini anashindwa kumwambia daktari maneno matatu.

Dawa zilizojaribiwa ni nyingi, na wingi wake ni dalili ya udhaifu wake. Vitamini E ilianza kutolewa katika miaka ya 1940, ikatolewa kwa miongo mingi kwa sababu ni rahisi na haidhuru, mpaka chama cha madaktari wa njia ya mkojo cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, kikasema isitolewe tena kwa maradhi haya, kwa kuwa haileti kitu. Mawimbi ya mshindo yanayopigwa kwa mashine hupunguza maumivu, lakini hayanyooshi. Iliyothibiti zaidi ni sindano ya kolajenezi, kimeng'enya kinachopatikana kwa bakteria aitwaye Clostridium histolyticum, ambacho huyeyusha kolajeni ya kovu. Serikali ya Marekani iliipa idhini Desemba 2013, baada ya majaribio mawili yenye wanaume 832, ambamo kupinda kulipungua kwa wastani wa asilimia 34 kwa waliodungwa dawa na asilimia 18 kwa waliodungwa maji matupu. Hata hao wa maji matupu, yafaa kukumbuka, walifundishwa kama wenzao kuivuta na kuinyoosha dhakari kwa mikono yao wenyewe kila siku. Sindano hizi bei yake huhesabiwa kwa maelfu ya dola, zina hatari ndogo ya kulipasua ala la dhakari, na mtengenezaji wake amekwisha kuziondoa katika soko la Ulaya. Si dawa ambayo mtu wa Tanga au Kisumu ataikuta katika duka la dawa la mtaani.

Kwa hiyo tunafika kwenye tiba ambayo haina dawa ndani yake.

Kwamba mwili hutii mvuto wa kudumu si jambo geni katika nchi hizi. Ndewe za Wamasai hazikurefuka mpaka mabegani kwa dawa, zilirefuka kwa uzito mdogo uliokaa siku zote. Wala mtu hahitaji shahada ya utabibu kufahamu kwamba sikio lile halikunyooshwa kama ngozi ya ngoma, bali liliota nyama mpya. Katika utabibu wa kizungu jambo hili lilipata heshima kwa kazi ya Gavriil Ilizarov, daktari wa mifupa wa mji wa Kurgan katika Siberia, ambaye tangu miaka ya 1950 alionyesha kwamba mfupa uliokatwa, sehemu zake mbili zikitengwa milimita 1 tu kwa siku kwa msaada wa pete za chuma, huota mfupa mpya katikati, na pamoja nao mishipa, misuli na ngozi. Sababu yake ipo katika chembe zenyewe. Chembe zinazofuma kolajeni huhisi mvutano, na hisia hiyo huigeuza kuwa amri za kikemia: zikivutwa kwa muda mrefu, hupunguza kufuma na kutoa vimeng'enya vya kuyeyusha nyuzi za zamani, ili nyuzi mpya zipangwe kwa kufuata mwelekeo wa mvuto. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kuvuta kwa nguvu, ambako ni kujeruhi upya na kwa hiyo kulizidisha kovu, na kuvuta kwa upole kwa muda mrefu, ambako ni kulishawishi kovu lijijenge upya. Maradhi yalianza kwa mkunjo wa ghafla. Hayataondolewa kwa mkunjo mwingine wa ghafla.

Kifaa cha kuvuta, katika umbo lake la kawaida, ni pete inayokaa shinani mwa dhakari, vijiti viwili vya chuma vinavyosimama juu yake, na juu ya vijiti kikalio laini ambacho kichwa cha dhakari hufungwa humo kwa ukanda. Vijiti hurefushwa kidogo kidogo kwa parafujo, siku hata siku, na dhakari, ikiwa imelala, huvutwa kwa nguvu isiyoumiza. Daktari Laurence Levine wa Chicago alichapisha mwaka 2008 habari za wanaume 10 waliokivaa kati ya saa 2 na saa 8 kila siku kwa miezi 6, ambao sindano na vidonge vilikuwa havikuwafaa wengi wao: wastani wa kupinda ulishuka kutoka digrii 51 hadi 34, na urefu ukaongezeka kati ya nusu sentimita na sentimita 2. Watu 10 ni wachache, na Waitaliano walipowajaribu wanaume 15 mwaka uliofuata, ambao maradhi yao yalikwisha kutulia, kupinda kulishuka kutoka digrii 31 hadi 27 tu, tofauti ambayo mwenye insafu hawezi kuiita tiba, ingawa urefu uliongezeka zaidi ya sentimita 1. Kisha Wahispania, katika habari waliyoitoa mwaka 2014, wakachukua njia nyingine: waliwatafuta wanaume 55 waliokuwa bado katika kipindi cha moto, wakawavalisha kifaa saa zisizopungua 6 kwa siku kwa miezi 6, na kupinda kukashuka kutoka digrii 33 hadi 15, maumivu yakapungua, ilhali wenzao ambao hawakutibiwa walizidi kupinda.

Ukiziweka habari hizi tatu pamoja, utaona kwamba hazipingani kama zinavyodhaniwa. Kovu changa husikia. Kovu kongwe ni zito la kusikia. Ndiyo maana nasema kwamba gharama kubwa ya maradhi haya kwetu si fedha bali ni ile miezi ya mwanzo inayopotea katika kunyamaza.

Walakini saa 6 kwa siku ni nyingi. Mwenye kukaa ofisini huenda akaweza. Kanzu, kwa hakika, inasitiri kifaa hiki vizuri kuliko suruali. Lakini mvuvi, dereva wa lori na mwashi watakifunga wapi? Huenda wengi wa walioshindwa na vifaa vya namna hii ni wale waliochoka kuvivaa, na pengine tiba nyingi zilizohesabiwa kuwa hazifai hazikufanywa. Jibu la shida hii lilitoka Mayo Clinic, katika jimbo la Minnesota, Marekani, ambako kilibuniwa kifaa kinachovuta kwa nguvu zaidi kwa muda mfupi, na ambacho, fauka ya kuvuta, huikunja dhakari upande ulio kinyume na ule iliopindia. Wanaume 110 waligawanywa kwa kura, wengine wakavaa na wengine wakangoja, na waliovaa walitakiwa kufanya hivyo kati ya dakika 30 na 90 kwa siku. Matokeo yalitangazwa mwaka 2019: kwa miezi 3 waliovaa walipungukiwa na kupinda kwa wastani wa karibu digrii 12 na kuongeza urefu wa sentimita 1.5, ilhali waliongoja walizidi kupinda kwa digrii 1 na kitu wala hawakuongeza urefu. Aliyekibuni kifaa alikuwamo miongoni mwa waliokipima, jambo la kutiwa katika mizani. Lakini kura ilipigwa na kundi la kulinganisha lilikuwapo, na hayo ndiyo yaliyokosekana katika habari nyingi za kabla yake.

Kifaa cha pili cha tiba hii ni pampu ya ombwe, nacho kina nasaba tofauti. Daktari wa Kimarekani John King alikwisha kueleza mwaka 1874 jinsi kifaa cha kioo kinachonyonya hewa kinavyoweza kuisimamisha dhakari, na mwaka 1917 Otto Lederer akapata hataza ya kifaa kama hicho, lakini aliyekifanya kiwe kitu cha kununulika alikuwa Geddings Osbon wa Augusta, katika jimbo la Georgia, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuvika matairi ya magari mpira mpya, na ambaye katika miaka ya 1960 alijitengenezea mwenyewe pampu kwa haja yake mwenyewe. Aliitumia kwa miaka mingi kabla ya kuanza kuiuza, na serikali ya Marekani ikairuhusu mwaka 1982. Muradi wake ulikuwa kuwatibu wasioweza kusimamisha: dhakari huingizwa katika bomba la plastiki, hewa ikanyonywa, damu ikafuata hewa ikajaa, kisha pete ya mpira ikavutwa shinani ili damu isirudi. Mwenye maradhi ya Peyronie huitumia kwa njia nyingine. Pete haina kazi kwake. Analolitaka ni kule kujaa kwenyewe, ambako hulinyoosha ala lote kutoka ndani, kila upande, kisha hewa ikarudishwa, dhakari ikapumzika, na kazi ikarudiwa.

Habari mashuhuri ya njia hii ilitoka London mwaka 2010. Wanaume 31 walipewa pampu, wakaitumia dakika 10 mara mbili kwa siku kwa majuma 12, bila ya pete. Kupinda kulipungua kwa 21 kati yao, kwa kiasi cha digrii 5 hadi 25, 7 hawakubadilika, 3 walizidi. Karibu nusu ya watu wote waliridhika na hali waliyoifikia, na waliobaki wakaenda kupasuliwa, lakini wakaenda wakiwa wameongeza urefu kidogo, jambo lenye manufaa, kama tutakavyoona. Hapakuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo hesabu hizi zapasa kupokewa kwa adabu na tahadhari.

Ipi kati ya mbili ni bora? Mwongozo wa chama cha madaktari wa njia ya mkojo cha Ulaya unaruhusu zote mbili, kila moja peke yake au pamoja na tiba nyingine, na unaziita ushauri dhaifu, yaani ushauri ambao nyuma yake pana ushahidi, ila si mwingi. Kwa rai yangu, kifaa cha kuvuta kina ushahidi mzuri zaidi na pampu ina urahisi zaidi. Na kwa mtu ambaye akitoka kazini hana faragha isipokuwa dakika chache msalani, dakika 10 zinazofanyika kweli kila asubuhi na kila usiku zina thamani kuliko saa 6 zilizoandikwa kwenye karatasi ya daktari. Lakini asidanganywe na muuzaji wa kifaa chochote. Anayeanza na digrii 60 asitazamie kunyooka kama rula, bali atazamie 45, labda 40. Na kwa wanandoa wengi tofauti hiyo ndiyo inayotenga kuweza na kutoweza. Wala urefu unaopatikana si ziada ya maumbile, kama watangazavyo wenye karatasi za nguzoni, bali ni kurudishiwa sehemu ya kilichonyang'anywa na kovu.

Juu ya madhara, vifaa hivi vina upole kuliko kisu, lakini si vitu vya kuchezea. Pampu ya bei rahisi isiyokuwa na valvu ya kuzuia nguvu ya ombwe isizidi inaweza kupasua mishipa midogo, ikaleta vilio vya damu na majeraha mapya juu ya ala lile lile lililo gonjwa. Na mtu anayeongeza nguvu kwa kuharakisha kupona hujirudisha mwanzo wa maradhi. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au ambaye damu yake haigandi upesi, asiiguse pampu bila ya idhini ya daktari. Kadhalika mwenye selimundu, maradhi ambayo Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazozaliwa watoto wengi zaidi wenye nayo duniani, kwa sababu dhakari ya mwenye selimundu huweza kusimama kwa maumivu saa nyingi bila ya kulala, na hiyo ni dharura ya hospitali. Anayetumia pete kwa ajili ya jimai asizidishe dakika 30. Kifaa cha kuvuta hakivaliwi usingizini, kwa maana aliyelala hahisi kufa ganzi. Na kichwa cha dhakari kikibadilika rangi au kikawa baridi, kivuliwe papo hapo. Mwenye kisukari cha miaka mingi, ambaye hisia za ngozi yake zimepungua, azitazame ishara hizi kwa macho, asitegemee maumivu kumwonya.

Baki ya habari ni kisu. Maradhi yakikwisha kutulia kwa miezi kadhaa bila ya kubadilika, na kupinda kukawa kunazuia jimai, mpasuaji anaweza kuifupisha dhakari upande ulio mzima ili ulingane na upande wenye kovu, kwa njia zilizotokana na ile aliyoieleza Reed Nesbit wa Michigan mwaka 1965. Au kulikata kovu na kutia kiraka, kwa wale waliopinda sana. Au, kwa asiyesimamisha kabisa, kutia vipandikizi ndani ya mirija. Njia ya kwanza hunyoosha watu wengi, lakini hunyoosha kwa kufupisha, na hapo ndipo zile sentimita za pampu na kifaa zinapopata thamani yake, kwa kuwa baadhi ya wapasuaji huwaagiza wagonjwa wavute kabla ya kupasuliwa, na tena baada ya kidonda kupona, ili hasara ya urefu iwe ndogo.

Kwa mtu wa Afrika Mashariki njia ya kuanzia ni hospitali ya rufaa yenye daktari bingwa wa njia ya mkojo, na safari ya kwanza si ya kutisha. Daktari atamuuliza maumivu yalianza lini na kama yangalipo, ili ajue ni kipindi gani. Atapapasa kwa vidole atafute kovu, kisha aitazame mikono. Na atapenda kuona picha ya dhakari iliyosimama, aliyoipiga mgonjwa mwenyewe nyumbani kwa simu yake, moja kutoka juu na moja kutoka ubavuni, kwa sababu pembe haipimwi kwa maelezo ya mdomo, na bila ya pembe ya mwanzo hapana wa kujua baada ya miezi mitatu kama kifaa kimefaa. Kisha atachukua tone la damu kupima sukari, na si ajabu mtu aliyekuja kwa ajili ya digrii 40 akaondoka na habari kwamba ana kisukari asichokijua, pamoja na tarehe ya kurudi kliniki na mkewe.